Ujumbe Usio na Salamu

Bukavu, Jumatatu, tarehe 9 Septemba 1957

Nimeanza kazi. Naandika kwa Kiswahili maana Kifaransa nilichofundishwa na masista kinanifanya niseme uongo wa adabu, na hapa nataka kuungama. Kwa padri siwezi. Anaijua sauti yangu.

Mimi Apolline, binti wa Jean-Baptiste katekista wa Kadutu, ndiye msichana wa kwanza kukaa nyuma ya dirisha katika kampuni ya malori ya Monsieur Lambrechts. Malori yanakwenda Uvira na Kamituga. Dirisha liko upande wa ua, ni la watu wetu. Wazungu wanaingia kwa mlango wa mbele na kupewa kiti. Kazi yangu ni kupokea maneno ya wateja na kuyapeleka kwa Monsieur, kisha kurudisha ya Monsieur kwa wateja. Kutwa nzima maneno! Na mimi ni mtu ambaye hata chumvi namtuma mdogo wangu akanunue, ili nisiongee na muuzaji.

Tuko wawili kwenye jaribio. Mwingine ni Adalbert. Tai nyekundu, viatu vinalia, sauti kama kengele ya kanisa. Jumamosi mmoja wetu atapewa dirisha. Nikishindwa mimi, Papa ameshaamua: nitakwenda Kamituga kwa dada yake, Tantine Bibiane, kumlelea watoto. Anao saba, na tumbo alilonalo sasa wanasema ni la mapacha. Naapa, dirisha siliachi.

Asubuhi Monsieur alitupa somo, tumesimama. Alisema kazi ya biro, yaani ofisi, ni maneno tu, maneno yakifika vizuri na mizigo inafika vizuri. Mtazame mtu machoni. Sikiliza mpaka mwisho. Rudia ulivyoambiwa. Sema kwa ufupi. Adalbert aliitikia kila sheria kwa kichwa, kama mtu anayeonja mchuzi wa mama mkwe. Mimi nilishtushwa na ile ya kwanza nikabaki palepale. Zilizofuata nilimuuliza Adalbert nje. Alinitajia huku anacheka.

Machoni! Kwetu mtoto akimtazama mkubwa machoni anaulizwa kama anataka kupigana.

Lakini sheria ni sheria. Nina mpango. Nitafanya mazoezi.

Jumanne, tarehe 10 Septemba

Nilianza na mbuzi wetu, kabla ya jua. Nilimkazia macho. Alitafuna, akafikiri, akageuka yeye kwanza. Nilishuka Ibanda kazini najiona mtu mpya.

Wa kwanza kuja dirishani alikuwa Papa Mushagalusa, mtunza stoo. Mzee wa watu. Ni mjane, anakaa peke yake Kadutu, nyuma ya kwetu. Mtoto wake Théodore ndiye mkuu wa tawi letu la Kamituga. Papa Mushagalusa alikuja kuomba ufunguo tu. Nilimtazama machoni. Sikupepesa.

Aliuliza kama kuna kitu kwenye uso wake. Sikujibu. Sheria haikusema lolote juu ya kujibu. Akajifuta kwa kofia. Akauliza, mwanangu, iko nini? Nikaendelea. Akatazama nyuma yake. Akauliza kama kuna mtu amesimama pale. Halafu akaondoka kinyumenyume, polepole, na ufunguo hakuuchukua.

Jioni nilimkuta kwetu, amekaa na Papa. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyonichoma. Alimwambia Papa kwamba katika maisha yake amewahi kutazamwa hivyo mara moja tu, na chui, huko Kabare, enzi za ujana. Tena yule chui alikuwa na haya kidogo.

Maman alinishika kipaji cha uso. Akachemsha majani machungu, nikanywa kikombe, nikaongezewa. Papa aliomba juu ya kichwa changu kwa sauti, na majirani wakaitikia amina upande wa pili wa ukuta.

Kumbe mzee alikuwa ameshaisimulia bironi: nilipotoka kazini Adalbert aliniaga, kwaheri, Chui, nami sikujua kwa nini.

Jumatano, tarehe 11 Septemba

Leo nilishika sheria nyingine. Rudia ulivyoambiwa. Hii haina macho ndani yake.

Asubuhi akaja Bwana Atumani, mfanyabiashara wa Uvira, mtu wa kanzu safi na maneno mazito. Magunia yake ya ndagala yamefika yamelowa, turubai la lori lilikuwa na tundu. Nikampeleka mbele ya Monsieur. Akaanza. Huyu muzungu wenu ni mwizi wa mchana kweupe. Kichwa chake ni kama kibuyu cha maziwa yaliyochacha. Samaki wangu walikufa mara moja ziwani, yeye amewaua mara ya pili barabarani. Mama yake angejua atazaa huyu, angezaa turubai, lingetufaa wote.

Monsieur akanitazama, anangoja. Nikarudia. Vyote. Mwizi, kibuyu, maziwa, mama, turubai. Kwa Kifaransa kizuri kabisa, kile cha Sista Monique, hakuna nililoruka. Naona haya kukiri, lakini katikati nilianza kufurahia sauti yangu.

Monsieur akawa mwekundu kuanzia shingoni kwenda juu. Lakini aliyenishtua ni Bwana Atumani. Kumbe Kifaransa anakisikia! Alifunika mdomo kwa mkono. Alisema, binti yangu, umefanya nini. Mtu akitukana kwa Kiswahili mbele ya mzungu ni ili moyo upoe, si ili yafike. Akamwomba Monsieur radhi, Monsieur akamwomba radhi yeye, wakaombana radhi mpaka fidia ya samaki ikapatikana. Kwa hiyo nilisaidia. Hakuna aliyeniambia hivyo.

Monsieur aliniita pembeni. Alisema anataka maana, Mademoiselle, maana tu, na iwe fupi. Fupi!

Adalbert alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini Mungu hasinzii. Saa nne alipewa foni, ile redio ya kuongea na Kamituga, inayofunguliwa mara moja tu kwa siku. Alitakiwa kuuliza lori la mbao limeondoka au bado. Akaanza na Théodore: habari za asubuhi, habari za nyumbani, bibi anaendeleaje, na kikohozi cha mtoto, na mvua ya huko, na mgeni aliyekuja juzi alirudi salama? Théodore naye akajibu yote na kuuliza ya kwake, Papa yangu muzee hajambo? Hajambo. Anakula vizuri? Anakula. Walipofika kwenye lori, ile taa ndogo ya betri ikazimika.

Monsieur alipiga meza. Mwaka mzima anawaambia, foni si kilabu cha pombe! Adalbert alitoka tai imekaa upande.

Nimejifunza. Nitakuwa mfupi kuliko mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa Bukavu.

Alhamisi, tarehe 12 Septemba

Nimeshinda! Niache niandike polepole.

Betri ilipata moto usiku kucha, ikajaa. Asubuhi Monsieur alinifunulia siri. Katika matawi yote, Théodore ndiye aliyefanya kazi vizuri zaidi mwaka huu. Atapewa baisikeli mpya mbele ya wafanyakazi wote, Jumamosi. Iko stoo, imefunikwa magunia. Théodore asijue. Na baba yake, Papa Mushagalusa, asijue pia, maana mzee huyo furaha humtoka kama mvuke wa chungu. Nimwite Théodore kwa foni, aje na bibi yake wa ndoa, bila kutaja sababu.

Nilitamani kumtuma mdogo wangu aseme yeye. Lakini ufupi ni rafiki wa mtu mwenye haya, sijui kwa nini sikuligundua hili mapema. Nilishika foni. Nikasema:

"Théodore. Kuja Bukavu Jumamosi. Wewe na bibi yako. Basi."

Nikazima. Sikusema jambo, sikuuliza habari, sikungoja jibu. Nadhani Théodore alikuwa anaanza kusema kitu, nilisikia kama mtu anavuta pumzi, lakini kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe.

Monsieur alisimama. Alisema, parfait, yaani safi kabisa. Mbele ya Adalbert! Alisema kwamba kama watu wote wa nchi hii wangeongea hivi, barabara ya Kamituga ingekuwa na lami. Adalbert alitazama viatu vyake. Alininong'oneza kuwa hata mtu anayeita mbwa huanza kwa mluzi. Wivu.

Mchana wote nilielea. Jioni Papa Mushagalusa alikuja dirishani. Sikumtazama machoni, nimekoma, nilitazama vidole vyake vya miguu. Aliongea maneno mengi, Kabare, shemeji, ndama, kesho, nimwambie Monsieur. Mimi bado nilikuwa nasikia ile parfait. Nilijibu ndiyo, papa. Ndiyo, papa. Akashukuru, akaenda.

Nilipanda Kadutu nikipitia Nguba, mbali kabisa na njia yangu, ili tu nizitazame nyumba za wazungu za kando ya ziwa. Nitakuwa na dirisha. Tantine Bibiane atafute mwingine.

Ijumaa, tarehe 13 Septemba

Nimeua mtu.

Kalamu inamwaga wino. Nitaandika ilivyokuwa.

Asubuhi Papa Mushagalusa hakuja kazini. Saa nne Monsieur mwenyewe alifungua foni, Kamituga hawakujibu. Alipiga kelele, alo, alo. Hakuna. Mchana likafika lori la Kamituga, dereva amefunga kitambaa cheusi mkononi. Alishuka polepole, akavua kofia, akasema poleni sana. Tukamuuliza pole ya nini. Akatushangaa. Akasema huko Kamituga wote wanajua, Papa Mushagalusa amefariki.

Nilihesabu siku kwa vidole.

Jumanne nilimtazama machoni bila kupepesa. Ijumaa amekufa. Alisema mwenyewe, kama chui!

Adalbert alikimbilia Kadutu. Akarudi, amethibitisha: mlango wa mzee umefungwa, jikoni hakuna moshi, na jirani hajamwona tangu jana jioni. Likabaki kumwambia Monsieur. Adalbert alikohoa, akaanza kwamba maisha ni maua, kwamba mwanadamu hapangi. Nikaona ataliharibu. Nikasema: Monsieur, Mushagalusa amekufa. Ufupi. Monsieur alikaa chini kama mtu aliyekatwa magoti. Akauliza lini, wapi, amekufaje. Hakuna aliyejua. Akaagiza fundi wetu apige sanduku la mbao nzuri, na kazi ifungwe kesho kwa heshima. Machozi yalimtoka. Sikujua wazungu wa malori wanalia.

Kabla ya jua kuzama uwanja wa mzee ulikuwa umejaa. Papa wangu aliongoza sala. Maman alipika maharage. Nililia kuliko wote. Wanawake walisema, angalia mutoto huyu alivyokuwa anamupenda muzee. Maneno hayo yalinichoma zaidi.

Naungama hapa: sitasema kuhusu macho. Mpango wangu ni huu. Kesho nitatafsiri hotuba ya Monsieur msibani, vizuri, kwa ufupi, nitapewa dirisha, na kwa mshahara wa kwanza nitamwombeshea misa. Mzee atapumzika, na mimi nitakuwa na kazi. Nadhani hata yeye angekubali.

Jumamosi, tarehe 14 Septemba

Sijui nianzie wapi. Leo sheria ya ufupi haisaidii.

Asubuhi lori la tawi la Kamituga lilipanda Kadutu likiimba. Tawi zima limo! Mizani wamefunga, stoo wamefunga, foni wameiachia paka. Théodore mbele, amenyoa kichwa kinang'aa. Bibi yake amejifunga kamba kiunoni, analia kwa mistari. Kuna mbuzi wawili wa matanga. Na nyuma kabisa, amekaa juu ya gunia la unga, tumbo mbele kama ngoma, Tantine Bibiane. Alisema hakuweza kumwacha mzee Mushagalusa aende bila kumlilia. Na gari lilikuwa la bure.

Monsieur alikuja na suti nyeusi na sanduku. Gari lake lilikwama kwenye matope ya kwanza, hajawahi kufika huku kwetu. Alivua kofia. Akauliza mwili uko wapi, auage.

Watu wa Kadutu wakasema uko hospitali. Adalbert akasema hospitali alipita, wanadhani uko nyumbani. Dereva akasema yeye alisikia Kamituga. Théodore akasema, sisi? Si ninyi ndio mlituita?

Wakati wanaulizana hivyo, mtu aliingia kwa nyuma, ana kuku kwapani na kofia mkononi. Alikuta sala, akainama, akakaa kimya karibu na Papa wangu aliyekuwa amefumba macho. Akamnong'oneza, poleni, ndugu yangu, tunamulilia nani? Papa akanong'ona bila kufumbua, ni Mushagalusa, Mungu amrehemu. Yule mtu akavuta pumzi. Akauliza, Mushagalusa yupi, maana tuko wengi. Papa akasema, yule wa stoo.

Yule mtu akamhamishia kuku kwapa la pili.

Akasema, lakini huyo alikula bugali vizuri asubuhi.

Papa alifumbua macho. Papa wangu, katekista, mtu wa Mungu, aliruka sufuria ya maharage. Wanawake walitoka kwa mlango, kwa dirisha, na wawili kwa uzio. Bibi ya Théodore alizimia juu ya Adalbert, na Adalbert akazimia chini yake. Mimi sikukimbia. Papa Mushagalusa alisimama katikati ya uwanja, kuku anapiga kelele, anauliza kila mtu kwa upole, jamani, iko nini, kwani nimefanya nini?

Théodore alimshika baba yake mikono, uso, masikio. Alilia kama mtoto. Sitasahau kilio kile.

Halafu wakaanza kutafuta nani alisema.

Théodore alisimama mbele ya Monsieur akamwaga yote kwa Kiswahili, na mimi nikaitwa nitafsiri. Alisema: tulikuwa stoo, watu wengi, Alhamisi. Foni ikalia. Sauti ya mtoto wa kike, haisalimii. Haiulizi bibi, haiulizi watoto, haisemi hata jambo. Kuja, wewe na bibi yako, basi, tii, imezima. Niliita tena na tena, hakuna jibu. Sasa mimi nifikiri nini? Kwetu mtu asiyekusalimia ni mtu anayebeba kilio mdomoni, anaogopa akifungua kitatoka chote. Na huku Bukavu mimi nina nani wa kufa, kama si muzee? Watu wote walisema ndiyo, ndiyo, hata mimi ningenyoa. Tantine Bibiane akasema yeye alianza kulia kabla foni haijazimwa.

Monsieur akanigeukia, anangoja.

Nikasema: anasema asante kwa kumwita.

Naungama. Nilisema hivyo. Monsieur akatabasamu kwa mashaka, akitazama kichwa kilichonyolewa. Ndipo Adalbert akainuka kutoka chini, akajipangusa, akatafsiri yaliyobaki. Yote. Hata pale Théodore alipovuta pumzi.

Papa Mushagalusa aliuliza kwa nini hakuna aliyewaambia kwamba yuko Kabare kwa shemeji, kumtazama ndama aliyezaliwa. Si aliagiza? Alimwambia yule mtoto wa dirisha, naye akajibu ndiyo, papa.

Watu wote wakanitazama. Kadutu nzima na Kamituga nzima, wote machoni. Wala hakuna aliyepepesa. Sasa najua jinsi alivyojisikia yule mzee Jumanne.

Baisikeli ilifuatwa stoo, ikatolewa hapohapo. Théodore aliizungusha uwanjani, akilipita sanduku, kipara kinang'aa, watu wakaanza tena kuimba, wimbo mwingine. Mbuzi wa matanga waliliwa kwa furaha. Papa Mushagalusa alilala ndani ya sanduku kulijaribu, akasema ni fupi, miguu itabanwa, lakini atalihifadhi kwa mahindi. Kisha akaja kwangu. Aliniambia, mwanangu, siku ingine nitazame chini, lakini nisikilize.

Monsieur alisema dirisha ni la Adalbert. Alisema kwa ufupi.

Jumapili, tarehe 15 Septemba

Kanisani. Papa Mushagalusa amekaa benchi la mbele, watu wanamgusa bega wakipita, wahakikishe.

Tantine anasema Mungu ndiye aliyenituma niseme vile kwa foni, maana bila hivyo angekuja kunichukua kwa gari la kulipia. Kesho tunapanda lori. Maman ananifungia nguo na majani yale machungu.

Nimelia, lakini pia nimefikiri. Kosa halikuwa langu. Kosa ni ufupi wa Monsieur. Watu wetu wanataka salamu! Nimeelewa sasa. Sitasahau.

Kamituga, Jumatano, tarehe 25 Septemba

Mapacha wamezaliwa. Wako watoto tisa. Mmoja amelala juu ya mguu wangu ninapoandika.

Lakini kuna habari kubwa. Théodore amenisamehe. Tangu apate baisikeli anasamehe watu kila mahali, anazunguka kambini akipiga kengele. Jana alitakiwa kwenda kupima mizigo ya watu, akaniachia foni. Mimi! Mvua ya usiku ilikuwa imebeba daraja la upande wa Mwenga. Aliniagiza niwaambie Bukavu saa nne kamili: daraja limevunjika, lori lolote lisitoke. Akaniuliza kama nimesikia. Nilisema ndiyo, tonton Théodore, na safari hii nilisikia kweli.

Saa nne nikafungua. Upande wa pili sauti ya Adalbert. Sikuwa na haraka. Nilimsalimia vizuri. Habari za asubuhi, za biro, za Monsieur na bibi yake wa Nguba, za dirisha, za tai. Za Papa Mushagalusa, anakula? Sanduku limeshajaa mahindi? Na Papa wangu, mguu aliochubua kwenye sufuria umepona? Adalbert amebadilika sana, amekuwa mtu mkavu. Alisema Apolline, ujumbe, Apolline, toa ujumbe, betri. Nikamwambia hivyo sivyo watu wanavyoongea, na kwamba mimi mambo haya nimeyajifunza kwa machozi. Nilikuwa nimefika kwa ndama wa Kabare pale taa ilipozimika.

Lori lilitoka Bukavu mchana uleule. Leo mtu mmoja aliyevuka mto kwa kamba ametuletea habari: limesimama ng'ambo, tope mpaka milango, magunia ya ndagala ya Bwana Atumani yameloa tena. Na ndani yumo Adalbert, ametumwa na Monsieur kukagua tawi. Amekaa juu ya mzigo, amejifunika turubai lenye tundu, tai imegeuka kamba.

Nimeduwaa. Sielewi kabisa watu wa Bukavu. Unawasalimia kwa heshima yote, nao wanapakia lori.

Théodore aliniuliza kama niliwaambia. Nilimtazama machoni, bila kupepesa, nikamjibu kwamba karibu nimalize. Aliondoka kinyumenyume, akaisahau baisikeli.

Betri inapata moto. Kesho saa nne nitaanza upya, taratibu, maana nimegundua nilipokosea jana: sikuuliza habari za mbuzi wetu.